Direkti ya video inakula mega za wahamaji: redio za jamii zirudishe sauti mbele

Goma, Kivu ya Kaskazini. – Redio nyingi za jamii mashariki mwa Kongo zimeshikwa na ugonjwa mpya. Kila mkutano, kila ziara ya mkubwa, kila ugawaji wa unga na mafuta, simu inainuliwa juu na direkti ya video inaanza kwenye mitandao ya kijamii. Studioni watu wanahesabu mioyo na vidole gumba vinavyopanda kwenye kioo. Upande wa pili yuko mama aliyekimbia Masisi na sasa analala Nakivale, Uganda. Amefungua direkti hiyo ili ajue kama njia ya kwao imefunguliwa. Picha inasonga kidogo, inakwama, duara linazunguka. Forfe aliyonunua kwa siku nzima imekwisha. Habari hakuisikia, na pesa amelipa.

Hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia. Redio inayojiita ya jamii haiwezi kumtoza mhamaji gharama ya picha ambayo hakuihitaji, halafu imnyime sauti ambayo ndiyo aliyoitafuta. Njia nyingine ipo, mafundi wanaijua tangu zamani, na gharama yake ni ndogo. Wakubwa wa redio wakikataa kuifuata, wasiseme ni kwa sababu haiwezekani. Waseme wazi kwamba wanapenda vidole gumba kuliko wasikilizaji.

Mawimbi yanaishia mlimani, watu wameenda mbali

Zamani jambo hili halikuwa na uzito huu. Msikilizaji wa redio ya kijiji alikaa kijijini. Mtambo wa FM ulifika mpaka kilima cha pili, na kilima cha pili ndipo jamaa zake walipoishia. Leo sivyo. Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, na Februari ilipofika zamu ya Bukavu, watu walitawanyika kama mchele uliomwagika. Kambi za pembeni mwa Goma kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilizokuwa zimejaa familia za Masisi na Rutshuru, zilibomoka katika muda mfupi. Wengine walirudi kwenye mashamba yaliyoota majani. Wengine walivuka Ruzizi na kujikuta katika uwanja wa mpira wa Rugombo, Burundi, kisha wakapelekwa Musenyi. Watu wa Ituri wako Kyangwali, ng'ambo ya ziwa Albert, tangu vita vilivyotangulia.

Kwa watu hao, FM ya nyumbani haipo. Redio Okapi, iliyoanza Februari 2002 na inayosema Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kituluba na Kikongo, inawapa habari za nchi. Lakini haiwezi kuwaambia kwamba daraja la mto fulani katika usultani fulani limebebwa na maji, au kwamba mtoto wa fulani ameonekana kwa mama mkubwa wake. Hayo ni kazi ya redio ndogo ya kwao. Ndiyo maana intaneti kwa mhamaji ni uzi mmoja uliobaki kati yake na nyumba yake. Uzi huo redio inaukata kwa mikono yake yenyewe kila inapomlazimisha kuupitisha mzigo wa video.

Wakaaji wa Goma wanajua thamani ya tangazo linalofika kwa wakati. Nyiragongo ililipuka usiku wa Mei 22, 2021. Siku tano baadaye, Mei 27, lilitoka tangazo la kuhamisha watu wa mitaa 10 ya mji, na makundi makubwa yakashika njia ya Sake, ya Rwanda na ya ziwa. Siku kama ile, tofauti kati ya kusikia mapema na kusikia kwa kuchelewa ni tofauti ya kuondoka na watoto wote mkononi au kuondoka ukiwaita majina yao njiani. Hakuna aliyehitaji kuona uso wa mtangazaji.

Hesabu ambayo redio hazitaki kuifanya

Hesabu ni rahisi, na kila mkubwa wa redio anaweza kuifanya kwenye kipande cha karatasi.

Video ya kawaida ya direkti, hata ile ya ubora mdogo, inapita kwa mwendo wa kilobiti kama 500 kwa sekunde. Gawanya kwa nane upate kilobaiti, zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja: ni mega 225. Ikipanda mpaka megabiti moja kwa sekunde, ni mega 450 kwa saa. Mkutano wa saa tatu unameza zaidi ya giga moja.

Sauti peke yake ni jambo jingine kabisa. Namna ya kubana sauti inayoitwa Opus, iliyokubaliwa kama kanuni ya intaneti mwaka 2012, inabeba usemi wa mtu vizuri kwa kilobiti 24 kwa sekunde. Hiyo ni mega 10.8 kwa saa. Maana yake, kwa mega ambazo mhamaji anatumia kutazama video ya ubora mdogo kwa saa moja, angesikiliza redio yake kwa zaidi ya saa 20. Habari za dakika 10 zikiwekwa kama faili la kuchukua, ni mega 1.8 tu. Simu ya zamani isiyoelewa Opus inaweza kupewa MP3 ya kilobiti 48, na bado saa nzima ni chini ya mega 22.

Na maandishi? Mstari mmoja wa habari, «Njia ya Sake imefungwa tangu asubuhi, magari yanarudishwa», hauzidi baiti mia mbili. Mistari mia moja ya namna hiyo haitimizi hata kilobaiti 20. Inaingia kwenye simu yenye mtandao dhaifu kabisa, na kiziwi anaisoma sawa na mwenye masikio.

Kwa hiyo ngazi iko wazi: maandishi kwanza, sauti pili, picha moja moja tatu, video mwisho. Redio zimeigeuza ngazi hiyo miguu juu. Zimeanza na video, na zikikumbuka zinaweka sauti, na maandishi hazina.

Seva isiyongojea mtu mmoja

Hapo ndipo mtu anainuka na kusema: «Sawa, lakini sisi ni redio ndogo. Tukiweka direkti yetu wenyewe, watu mia wakija pamoja, masini itakufa.» Neno hilo linasemwa sana, na kwa sehemu lilikuwa kweli miaka ya nyuma. Leo linasemwa na watu ambao hawajauliza.

Kila aliyeishi kambini anajua rampa ya maji: bomba sita kwenye chuma kimoja, foleni ya bidoni za manjano, na mlinzi mmoja. Mlinzi wa kwanza ana namna yake. Anafungua bomba moja, anasimama na mama mmoja mpaka bidoni yake ijae, anafunga, ndipo anamwita mwingine. Bomba tano zinakaa bure na foleni inafika barabarani. Mlinzi wa pili anafungua zote sita na kuzunguka. Bidoni ikijaa anaifunga, anaweka nyingine, anaenda kwa inayofuata. Hasimami kuangalia maji yakiingia, kwa sababu maji yanaingia yenyewe. Ni mtu mmoja, mishahara haikuongezeka, na foleni inasonga.

Seva ya wavuti inafanya kazi kwa mojawapo ya namna hizo mbili. Namna ya pili mafundi wanaiita asinkroni. Programu moja inashika wasikilizaji mamia, na kila mmoja anapewa kipande chake wakati mtandao wake uko tayari kukipokea. Asiye tayari hangojewi. Seva inaenda kwa mwingine na kurudi baadaye. Namna nyingine ni kumwajiri mlinzi kwa kila bidoni, yaani kumpa kila msikilizaji sehemu yake ya masini. Inafanya kazi kwa watu wachache, kisha kumbukumbu ya masini inajaa na yote inaanguka.

Jambo hili lina umri. Mwaka 1999, Mmarekani Dan Kegel aliandika juu ya swali la namna masini moja ingeweza kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja. Mwaka 2004, Mrusi Igor Sysoev alitoa nginx, seva iliyojengwa kwa namna hiyo ya kutongojea, na leo iko kila pahali. Mwaka 2009 Ryan Dahl alileta Node.js. Mwaka 2014 lugha ya Python, ambayo wanafunzi wa informatiki wa Goma, Bukavu na Butembo wanafundishwa, ilipata asyncio ndani yake. Kwa sauti peke yake kuna Icecast, programu huru inayotumiwa na redio duniani tangu mwisho wa miaka ya 1990. Vyote hivyo ni bure. Anayesema ufundi huu ni wa watu wa Ulaya anawatukana vijana wa nchi yake.

Na swali la mtandao mwembamba wa studio lina jibu. Watu mia wakisikiliza kwa kilobiti 24, jumla ni megabiti 2.4 kwa sekunde zinazopanda. Kwa video ya kilobiti 500, watu haohao mia wanadai megabiti 50, na studio nyingi hazitazipata hata ndotoni. Lakini hakuna sharti studio iwatumie wote mia. Studio inatuma mkondo mmoja tu, kilobiti 24, mpaka kwenye seva ndogo ya kukodi iliyo mahali penye umeme usiokatika. Seva hiyo ndiyo inayogawa. Mkondo mmoja wa sauti unapita hata kwenye simu iliyowekwa dirishani pamoja na forfe ya kawaida.

Pale mafundi wanapokosea

Ni haki pia kusema kwamba majaribio mengi yamekufa kwa mikono ya mafundi wenyewe. Kijana anachukua kamera, anaandika seva yake kwa Python, anaijaribu peke yake, picha inaonekana kwenye kivinjari, anafurahi. Siku ya kazi anakuja mtu wa pili, kurasa inabaki nyeupe. Wa tatu anakuja, yote inasimama. Mkubwa wa redio anasema: «Mliona? Turudi kwenye mtandao mkubwa.» Kumbe kosa lilikuwa dogo, na lina sura tatu zinazojulikana.

La kwanza: kuweka ndani ya seva isiyongojea kazi inayongoja. Kusoma picha kutoka kamera, au kuibana iwe JPEG, kunachukua muda. Kazi hiyo ikifanywa ndani ya mzunguko uleule unaohudumia wasikilizaji, mlinzi wa rampa ameacha bomba zote na kwenda kutafuta kifuniko cha bidoni moja. Kazi nzito ya namna hiyo sharti ipelekwe pembeni, kwenye uzi wake au programu yake, na mzunguko ubaki wa kugawa tu.

La pili: kuisoma kamera upya kwa kila mtazamaji. Kamera ni moja. Watu 30 wakija, seva inaivuta mara 30 na kila mmoja anaiba picha ya mwenzake. Inatakiwa kazi moja isome kamera, iweke picha ya mwisho mahali pamoja, na watazamaji wote wachukue pale.

La tatu ndilo linaloua kimyakimya, na ndilo linalowagusa wahamaji zaidi. Kijana anaweka foleni kwa kila mtazamaji, ili asikose picha hata moja. Anaona ni wema. Lakini aliye Kyangwali kwenye mtandao dhaifu hapokei kwa mwendo ule. Picha zake zinarundikana kwenye seva. Picha ya kilobaiti 20, mara 10 kwa sekunde, ni mega 12 kwa dakika moja. Watazamaji 50 wa polepole, kwa dakika 10, wanarundika mega 6,000. Seva ya kukodi yenye giga moja ya kumbukumbu imekufa muda mrefu kabla ya hapo, na imekufa kwa wote, wa karibu na wa mbali. Dawa ni kutupa. Mtazamaji aliyechelewa apewe picha ya sasa, na za zamani zifutwe. Kwa sauti, iwekwe akiba fupi ya sekunde chache. Aliyebaki nyuma kupita hapo arukishwe mpaka sasa.

Kutupa huko kuna maana kubwa kuliko kuokoa masini. Tangazo la usalama lililochelewa bila mtu kujua ni hatari. Mtu anayesikia «njia iko wazi» kwa sauti ya dakika nne zilizopita anaweza kuingia njia iliyofungwa dakika mbili zilizopita. Ndiyo maana watangazaji wazoee kutaja saa kila wanaposoma habari ya njia au ya mapigano: «Ni saa tatu na dakika kumi asubuhi, saa za Goma.» Direkti zinazokatwa vipande vidogo vya sekunde kadhaa, kama namna iliyotolewa na Apple mwaka 2009 na inayotumiwa sana leo, huchelewa kwa kawaida sekunde 10, 20, hata 30. Neno direkti lisimdanganye mtu. Saa ndiyo inayosema kweli.

«Lakini mitandao mikubwa ni bure»

Ni bure kwa nani? Kwa redio, ndiyo. Redio hailipi seva, hailipi fundi. Gharama haikupotea. Imehamishwa kutoka meza ya mkurugenzi mpaka mfukoni mwa mhamaji, na mfuko huo ndio wenye matobo kuliko yote. Seva ndogo ya kukodi ni gharama moja kwa mwezi, inayojulikana, inayogawanyika kati ya redio tatu au nne zikikubaliana. Mega za wasikilizaji ni gharama ya kila siku, ya kila mtu, na hakuna anayeiandika kwenye ripoti ya wafadhili.

Kuna neno moja upande wao ambalo lina ukweli. Pahali palipo na forfe za mitandao ya kijamii zenye bei ndogo, mtu anaweza kufungua mtandao huo kwa bei rahisi kuliko kufungua kurasa nyingine. Kwa huyo, kurasa ya redio ingekuwa ghali zaidi kwa kila mega. Jibu ni kutumia njia zote mbili. Habari za dakika 10, mega 1.8, zitumwe pia kwenye makundi ya WhatsApp ya wahamaji. Mistari ya maandishi iwekwe kwenye mtandao wa kijamii kila saa. Forfe ya bei ndogo nayo ina mwisho, na video ndiyo inayoufikisha mwisho huo kwa mbio. Hoja hiyo ni hoja ya kupeleka sauti na maandishi mahali watu walipo. Haitetei video.

Wengine wanasema watu wanataka picha. Kweli, wanataka. Mtu aliyeacha nyumba yake anataka kuona kama paa bado lipo. Mto ukifurika, picha moja ya daraja inasema kuliko maneno ya mtangazaji. Kiziwi anayefuata lugha ya ishara anahitaji video inayosonga, na saa ya habari ya ishara iwekewe nafasi yake. Lakini picha moja ya kilobaiti 20 kila sekunde 10 ni mega 7.2 kwa saa. Ukiijumlisha na sauti, saa nzima ya redio yenye picha ni mega 18. Mtindo wa zamani wa kusukuma picha baada ya picha kwenye muunganisho mmoja usiofungwa, uliopo tangu miaka ya 1990, unatosha kabisa, na seva isiyongojea inaubeba bila jasho. Picha hizohizo zikipita mara 10 kwa sekunde, saa moja ni mega 720. Tofauti ya 18 na 720 ndiyo tofauti ya kumheshimu msikilizaji na kumsahau.

Na atakayetaka video kamili aipate, kwa kubonyeza mwenyewe, huku ameandikiwa pembeni: «Video hii inatumia mega 225 kwa saa.» Mtu akichagua akijua, hajadhulumiwa.

Sura za watu si mapambo

Kuna dhambi nyingine ndani ya direkti, nzito kuliko mega. Simu inapoinuliwa kwenye foleni ya ugawaji, inaonyesha nyuso za watu waliokimbia. Waliowakimbiza nao wana simu. Katika direkti hakuna wa kukata, hakuna wa kuficha uso, hakuna wa kusema «hapana, huyu asionekane». Mama aliyebakwa, kijana aliyekataa kushika bunduki, shefu wa kijiji anayetafutwa: wote wanapita mbele ya kamera wakishika kadi zao, na jina la kambi limeandikwa kwenye hema nyuma yao. Kesho redio ikifuta video, watu wameshaihifadhi.

Hakuna habari ya unga inayohitaji nyuso hizo. Idadi ya familia zilizopokea, kiasi walichopewa, nani amekosa na kwa nini: yote yanasemwa kwa sauti. Sauti nayo inatambulika, kwa hiyo anayeogopa asimuliwe na mtangazaji. Kanuni iwe moja: katika kambi, kamera haiwaki moja kwa moja. Picha zinapigwa, zinaangaliwa studioni, zinakubaliwa na wenye sura, ndipo zinatoka.

Redio itakayojenga seva yake ina deni hilohilo. Seva, bila kuambiwa, huandika kila anwani ya intaneti iliyokuja na saa iliyokuja. Daftari hilo likishikwa na mwenye nia mbaya, linaonyesha kutoka wapi watu wanasikiliza redio ya kijiji fulani. Fundi alizime, au alifute kila siku, na asiwadai wasikilizaji majina wala namba za simu. Redio inayowaomba watu kujiandikisha ili wasikie habari za kwao haijaelewa wako katika hali gani.

Kile kinachotakiwa sasa

Hakuna anayedai muujiza. Intaneti yenyewe inaweza kuzimwa, na nchi hii imeiona: baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, ilikatwa karibu wiki tatu. Goma mwishoni mwa Januari 2025 ilikosa umeme na maji kwa pamoja. Siku za namna hiyo seva haitasaidia. Itabaki FM kwa waliobaki, na faili la habari linalopita kutoka simu mpaka simu kwa Bluetooth au kwa kadi ya memori. Lakini faili hilo linapita kwa sababu ni mega 1.8. La mega mia mbili halipiti. Redio iliyozoea udogo siku ya amani ina kitu mkononi siku ya shida.

Kwa hiyo redio za jamii za Kivu na Ituri zikutane, zikodi seva moja kwa pamoja, na zimpe kazi fundi kijana anayelipwa, kwa kuwa kazi ya bure hufa mwenye nayo akipata kazi nyingine. Ziweke kurasa moja nyepesi: mistari ya habari juu kabisa, kitufe cha sauti chini yake, picha zinazobadilika taratibu, na video nyuma ya mlango wenye bei iliyoandikwa. Kabla ya kuifungua kwa watu, wafungue simu 50 za polepole kwa makusudi na waone kama masini inasimama. Wafadhili, nao, waache kuuliza direkti ilitazamwa na wangapi. Waulize msikilizaji mmoja wa Musenyi alitumia mega ngapi kusikia habari za Uvira.

Na wahamaji wenyewe wasinyamaze. Kila redio ina namba ya ujumbe. Familia zitume swali moja, kila asubuhi, mpaka lijibiwe: sauti yetu iko wapi? Redio ya jamii ilijengwa kwa michango ya watu haohao, kwa mbao walizobeba kwenye chukudu na mawe ya volkano waliyovunja kwa mikono. Wana haki ya kuisikia, hata wakiwa ng'ambo ya mpaka na mega 20 tu kwenye simu.